Vishimo Viwili vya Mdomo wa Chini: Somo kuhusu Jeni ya IRF6 na Mpasuko wa Mdomo na Kaakaa



Mtoto anapozaliwa akiwa na mpasuko wa mdomo, swali la kwanza linalosikika nyumbani mara nyingi ni hili: "Mama alifanya nini?" Wapo wanaosema alishika kisu usiku wa kupatwa kwa mwezi. Wapo wanaosema alimcheka mtu mwenye ulemavu, na wapo wanaomtazama mkwe au jirani kwa jicho la shaka. Wakati maneno hayo yakiendelea, mtoto analala na njaa kwa sababu hakuna aliyemfundisha mama jinsi ya kumlisha, na kadi ya kliniki inakaa kabatini bila kufunguliwa kwa kuwa familia inaona haya kumtoa mtoto nje.

Somo la toleo hili linajibu swali hilo la lawama kwa kutumia yale ambayo sayansi imeyathibitisha. Tutaieleza jeni moja ya mwanadamu inayoitwa IRF6, kazi yake katika kuujenga uso wa mtoto tumboni, na namna inavyorithiwa kutoka kwa baba au kwa mama. Kisha tutaeleza huduma zinazomsubiri mtoto huyu na njia ya kuzifikia. Msomaji akimaliza, tunatarajia aweze kumweleza jirani yake kwa nini mama hana kosa, na kwa nini mtoto apelekwe kwenye kituo cha tiba mapema.

Kwanza, jina la hali yenyewe

Wengi wetu tumezoea kusema "mdomo sungura". Jina hilo linaeleweka, lakini mtoto akiitwa hivyo shuleni kila siku huumia. Katika somo hili tutasema "mpasuko wa mdomo" pale ambapo mdomo wa juu haukuungana, na "mpasuko wa kaakaa" pale ambapo dari ya kinywa, yaani kaakaa, ina uwazi unaounganisha kinywa na pua. Mtoto anaweza kuwa na mmoja wa mipasuko hiyo au yote miwili. Mpasuko wa mdomo huonekana mara moja. Mpasuko wa kaakaa peke yake unaweza kupita bila kuonekana hadi maziwa yaanze kutokea puani, na ndiyo maana kila mtoto mchanga anapaswa kufunguliwa kinywa na kutazamwa ndani kwa mwanga wa kutosha kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Hali hii si ngeni wala si ya ukoo mmoja. Hutokea katika mataifa yote, kwa matajiri na kwa maskini. Kwa makadirio ya dunia, huzaliwa mtoto mmoja mwenye mpasuko katika kila watoto 700 hadi 1,500, kutegemea eneo.

Uso hujengwaje tumboni?

Uso wa mwanadamu hauchipui ukiwa kitu kimoja. Huanza kama vipande kadhaa vya nyama laini vinavyokua kutoka pande za kichwa na kutoka juu, vikakutana katikati na kuungana. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba. Kaakaa hufuata: kuta mbili hukua kwanza zikielekea chini, moja kila upande wa ulimi, kisha huinuka, hulala juu ya ulimi na kushonana katikati. Kazi hiyo hukamilika kufikia takribani wiki ya 12.

Tuzingatie tarehe hizo. Katika wiki ya 7 mama wengi ndio kwanza wanaanza kujishuku kwamba ni wajawazito, na wengine hawajajua kabisa. Mdomo wa mtoto umekwisha kuungana, au umekwisha kukosa kuungana, kabla tumbo halijaonekana. Basi kisu kilichoshikwa katika mwezi wa 6, au ugomvi wa mwezi wa 8, hauwezi kurudi nyuma ukaupasua mdomo uliokwisha kukamilika.

Alama ya muungano huo sote tunayo. Mtu akijitazama kwenye kioo ataona mfereji mdogo kutoka chini ya pua hadi mdomoni. Akipapasa kwa ulimi katikati ya kaakaa, atahisi mstari. Hapo ndipo vipande vilipokutana.

Jeni ya IRF6 hufanya kazi gani?

Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna kromosomu 46, zilizopangwa katika jozi 23. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Juu ya kromosomu hizo zimeandikwa jeni takribani 20,000 ambazo ni maelekezo ya kutengeneza protini, na protini ndizo zinazoujenga mwili na kuuendesha. IRF6 ni moja ya jeni hizo, nayo imo katika kromosomu namba 1, iliyo ndefu kuliko zote. Kwa kuwa kila jozi ina kromosomu mbili, kila mtu ana nakala mbili za jeni hii: moja ya baba na moja ya mama.

Protini inayotengenezwa kutokana na jeni hiyo huitwa IRF6 pia. Jina lake linatokana na ukoo wake, kwani ndugu zake wengi hushughulika na kinga ya mwili dhidi ya virusi. Hata hivyo IRF6 yenyewe imechukua kazi tofauti, nayo ni kusimamia seli za ngozi na utando wa kinywa. Protini hii hushika sehemu maalumu za jeni nyingine na kuziwasha au kuzizima, kama msimamizi wa ujenzi anayemwambia fundi huyu aanze na yule aache. Chini ya usimamizi wake seli changa za ngozi huacha kugawanyika ovyo na hukomaa.

Kazi hiyo inahusu uso kwa namna ya pekee. Vipande vya uso wa mimba hufunikwa na utando mwembamba sana wa seli. Utando huo huzuia vipande visigandamane mahali pasipostahili, kwa mfano ulimi na ukuta wa kaakaa. Wakati wa kuungana unapofika, utando hupisha ili kuta za kaakaa zishikane. Kwa maneno mengine, uso unahitaji kujua mahali pa kutonata na mahali pa kunata, na IRF6 ni miongoni mwa wasimamizi wa jambo hilo.

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa panya waliokosa jeni hii. Panya hao walizaliwa na ngozi nene isiyokomaa, na nyuso za ndani ya vinywa vyao zilikuwa zimegandamana. Hawakuishi. Hapo ilionekana wazi kwamba jeni hii ni ya lazima kwa ngozi na kwa kinywa.

Mapacha walioleta jibu

Mwaka 1954 daktari aitwaye Anne Van der Woude alieleza kwa maandishi hali inayopita katika koo: watu wenye mpasuko wa mdomo au wa kaakaa, na pamoja nao vishimo vidogo kwenye mdomo wa chini. Hali hiyo ikapewa jina lake. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba inarithiwa, lakini jeni inayohusika haikujulikana.

Jibu lilichapishwa mwaka 2002 na kundi la watafiti waliowashirikisha Jeffrey Murray na Brian Schutte wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Walikuwa wamekwisha kuisaka jeni hiyo hadi kwenye eneo moja la kromosomu namba 1. Kilichowafungulia mlango ni mapacha wa kufanana: mmoja alikuwa na hali ya Van der Woude, mwenzake hakuwa nayo.

Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja lililogawanyika, hivyo urithi wao kwa kawaida ni uleule. Watafiti walipolinganisha maandishi ya jeni za wawili hao, walikuta tofauti ndani ya IRF6. Kwa pacha aliyeathirika, nakala moja ya jeni ilikuwa na badiliko linaloiambia seli iache kuitengeneza protini kabla haijakamilika. Pacha mwenzake hakuwa na badiliko hilo. Baada ya hapo watafiti walikuta mabadiliko ya jeni hiyohiyo katika familia nyingine 45 zenye hali ya Van der Woude. Waliyakuta pia katika familia 13 zenye hali nyingine ya karibu nayo, ambayo huambatana na utando wa ngozi nyuma ya magoti. Mwaka 2014 watafiti walichapisha mabadiliko ya IRF6 waliyoyakuta katika familia za Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara, kwa hiyo jambo hili linatuhusu na sisi.

Tuwatazame tena mapacha wale. Walikaa katika tumbo moja, kwa mama mmoja, kwa miezi ileile. Chakula alichokula mama kiliwafikia wote wawili. Kama alishika kisu, alikishika akiwa na wote wawili. Kama alihuzunika, alihuzunika akiwa nao wote. Hata hivyo mmoja alizaliwa na hali hiyo na mwenzake akazaliwa bila nayo. Kilichowatofautisha ni badiliko dogo katika maandishi ya jeni moja, ambalo hakuna mtu aliyelifanya wala aliyeweza kulizuia.

Inarithiwaje?

Katika hali ya Van der Woude, nakala moja tu ya IRF6 ikiwa na kasoro inatosha kuleta dalili. Mzazi mwenye hali hiyo ana nakala moja nzima na moja yenye kasoro, na kila anapopata mtoto humpa mojawapo. Kwa hiyo kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Ni sawa na kurusha shilingi: mtoto wa kwanza akiirithi haina maana kwamba wa pili ameokoka, kwa kuwa kila mimba ni mrusho mpya. Baba hurithisha sawasawa na mama, wavulana kwa wasichana.

Dalili hazilingani hata ndani ya nyumba moja. Mtu mmoja anaweza kuwa na mpasuko mkubwa, ndugu yake akawa na mpasuko wa kaakaa tu, mwingine akapungukiwa na baadhi ya meno, na mwingine akawa na vishimo vya mdomo wa chini peke yake. Vishimo hivyo kwa kawaida huwa viwili, kimoja kila upande wa katikati ya mdomo, na wakati mwingine hutoa mate kidogo. Watu wengi walio navyo huishi maisha yao yote wakidhani ni alama ya kuzaliwa isiyo na maana.

Tuchukue mfano. Mtoto anazaliwa na mpasuko, na ukoo wa baba unasema, "Kwetu hakuna kitu kama hiki, kimetoka kwa mama." Mhudumu mwenye ujuzi akimtazama baba anaona vishimo viwili vidogo mdomoni mwake, na bibi mzaa baba anavyo pia. Pale pale mazungumzo yanabadilika. Haifai, hata hivyo, lawama ihamishwe sasa kwa baba, maana yeye hakuichagua jeni yake kama ambavyo hakuchagua urefu wake. Faida ya kujua ni kwamba familia itaelewa uwezekano wa watoto wanaofuata, na kila mtoto atakayezaliwa atachunguzwa kinywa siku ya kwanza.

Vipimo vya jeni havipatikani katika zahanati zetu. Lakini kuvitafuta vishimo vya mdomo wa chini hakuhitaji mashine wala gharama. Kunahitaji mwanga na dakika moja. Familia yenye mtoto wa mpasuko imwombe mhudumu awatazame baba, mama na ndugu, kisha aandike alichokiona katika karatasi ya rufaa.

Si kila mpasuko ni wa namna hii

Ni wajibu wetu kutotia chumvi. Hali ya Van der Woude huchangia takribani mipasuko 2 tu katika kila 100. Watoto wengi wenye mpasuko hawana hali nyingine yoyote. Kwao, mpasuko hutokana na mchanganyiko wa jeni kadhaa na mazingira. Hata hapo IRF6 imetajwa tena: mwaka 2004 na 2008 watafiti walionyesha kwamba tofauti ndogo ndani na karibu ya jeni hii huongeza uwezekano wa mpasuko wa kawaida kwa baadhi ya watu. Wazazi wasio na mpasuko ambao tayari wana mtoto mmoja wa namna hii wana uwezekano wa takribani 2 hadi 5 katika 100 kwa mtoto anayefuata. Maana yake ni kwamba mara nyingi zaidi mtoto huyo huzaliwa bila mpasuko.

Kwa upande wa mazingira, uvutaji wa sigara wakati wa ujauzito, ulevi, kisukari kisichodhibitiwa kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari. Mwanamke anayetumia dawa za kifafa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani degedege nalo ni hatari kwake na kwa mimba. Amwone daktari kabla ya kupata ujauzito. Vidonge vya foliki asidi vinavyotolewa kliniki pamoja na madini ya chuma hupunguza kasoro za uti wa mgongo na ubongo, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuvitumia. Kwa mpasuko wa mdomo, matokeo ya tafiti hayajalingana. Aliyevimeza vyote akajifungua mtoto mwenye mpasuko asidhani alikosea.

Mtoto amezaliwa: tufanye nini?

Jambo la kwanza ni chakula. Mtoto mwenye mpasuko wa mdomo peke yake kwa kawaida ananyonya, mama akimsaidia kuziba uwazi kwa titi au kidole. Mwenye mpasuko wa kaakaa hushindwa kufyonza, kwa sababu hewa hupita puani, na anaweza kukaa kwenye titi saa nzima akachoka bila kushiba. Mama akamue maziwa yake na kumpa kwa kikombe kidogo safi au kijiko, kidogo kidogo, mtoto akiwa ameketishwa wima. Amcheulishe mara kwa mara, kwa kuwa humeza hewa nyingi. Maziwa yakitoka puani asiogope. Asubiri, amfute, aendelee. Uzito upimwe kila wiki mwanzoni. Mtoto asiyeongezeka uzito arudishwe kituoni mara moja, maana mpasuko wenyewe hauui, bali njaa na maambukizi ya mapafu ndiyo yanayoweza kuua.

Jambo la pili ni upasuaji. Mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na umri wa miezi 3 hadi 6. Madaktari wengi hutumia kipimo kinachokumbukwa kwa namba 10: mtoto awe ametimiza wiki 10, awe na uzito wa takribani kilo 4.5, ambao ni ratili 10, na wingi wa damu usipungue 10. Kaakaa hushonwa baadaye, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, ili mtoto aanze kusema akiwa na kaakaa lililofungwa. Tunaona basi kwamba kulisha ndiyo maandalizi ya upasuaji: mtoto asiyefikisha uzito huahirishwa.

Jambo la tatu ni ufuatiliaji. Mpasuko wa kaakaa huleta majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto anaweza kupungukiwa na usikivu bila mtu kujua. Masikio, meno na matamshi yaangaliwe hadi anapoanza shule na baada ya hapo.

Njia ya kuzifikia huduma ni hii. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, upewe barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hospitali kubwa yenye wapasuaji wa kazi hii. Hapa Tanzania, CCBRT iliyoko Dar es Salaam na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iliyoko Mwanza ni miongoni mwa zilizofanya upasuaji huu. Yapo pia mashirika, kama Smile Train, yanayogharamia upasuaji kwa familia zisizo na uwezo kupitia hospitali wanazoshirikiana nazo. Uliza unapopewa rufaa. Familia inayokwama kwa nauli au gharama imwone afisa ustawi wa jamii, na mtendaji wa kata aombwe barua ya utambulisho.

Na aliyekwisha kuwa mtu mzima bila kushonwa hajachelewa. Upasuaji hufanyika katika umri wowote. Wapo waliokaa miaka mingi wakifunika mdomo kwa kanga au kitambaa kwa sababu hawakuwahi kuambiwa hivyo. Ukimjua mmoja, mpelekee habari hii kwa heshima.

Maswali ya kujadiliana katika mikutano ya vitongoji na vikundi

1. Mdomo wa juu wa mtoto huungana katika wiki zipi za mimba? Jibu hilo linatuambia nini kuhusu maneno ya kupatwa kwa mwezi?

2. Mapacha wa kufanana waliochunguzwa walitofautiana katika nini? Kwa nini mfano wao unamwondolea mama lawama?

3. Baba ana vishimo viwili kwenye mdomo wa chini. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na mpasuko. Uwezekano wa mtoto wa pili kuirithi hali hiyo ni upi?

4. Mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa ananyonya saa nzima lakini haongezeki uzito. Mama ashauriwe nini leo, kabla ya habari za upasuaji?

5. Katika kitongoji chetu, je, kuna mtoto au mtu mzima ambaye hajafikishwa kwenye huduma? Nani atakwenda kuzungumza na familia yake, na lini?

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Swali la tano ndilo tunaloomba lijibiwe kwa vitendo kabla ya toleo lijalo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kitongoji chako yuko tayari kuifuatana nawe safari hiyo hadi zahanati.